Fadhili William: Jirani wa Kilimanjaro aliyeimba 'Malaika', dunia ikauimba upya, ubishi wa mtunzi ukabaki

Ingia ukumbi wowote wa harusi Moshi Jumamosi usiku. Subiri MC awaite maharusi katikati wafungue muziki. Uwezekano ni mkubwa kwamba bendi au DJ atagusa 'Malaika'. Watu watasimama, simu zitawashwa taa, na mashangazi watatoa leso kufuta machozi.

Kumbe wimbo wenyewe ni wa kijana ambaye harusi ilimshinda. Anampenda binti, anatamani kumuoa, ila hana mali. Wimbo unaisha hajaoa.

Sauti ya kwanza kuuweka wimbo huo kwenye santuri ni ya Fadhili William, Mtaita kutoka Kenya aliyefariki dunia Februari 11, 2001. Jina lake si kila mtu analikumbuka, lakini wimbo wake anaujua mpaka Mswidi, Mjerumani na Mmarekani asiyejua hata kusema "habari za asubuhi".

Na hapo ndipo kisa cha maisha yake kilipo. Wimbo ulikwenda mbali kuliko yeye. Na kila ulipofika, swali lilikuwa lilelile: wa nani?

Mtoto wa upande wa pili wa mlima

Ukitoka Moshi kwa barabara ya mashariki unapita Himo, unafika Holili, unavuka mpaka na kuingia Taveta. Hapo mlima ni uleule, ila watu wa Taveta wanauona kutokea upande mwingine. Kilele kilicho karibu nao ni Mawenzi chenye urefu wa mita 5,149, na Kibo kinakaa nyuma yake. Endelea mbele kupita Maktau na Mwatate, utafika kwenye vilima vya Taita, nchi ya Wadawida.

Huko ndiko asili ya Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Novemba 7, 1938.

Pande hizi mbili za mlima hazikuwahi kuwa ngeni kwa kila moja. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupita Taveta kuja kuungana na reli ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi. Vita vikaisha, reli ikabaki. Watu, mizigo, barua na habari vikawa vinapita.

Nyimbo nazo hazikukaa nyuma. Katika miaka ya 1950, Moshi ilikuwa na nyota wake, Frank Humplick, mtoto wa baba Mzungu na mama Mchaga, aliyekuwa akiimba na dada zake wawili. Santuri zao za Kiswahili ziliuzika Tanganyika na nje ya Tanganyika. Upande wa pwani ya Kenya alikuwepo Fundi Konde, mpiga gitaa aliyepita hadi Burma na jeshi wakati wa Vita ya Pili akiwatumbuiza askari. Huu ndio muziki uliokuwa hewani Fadhili akiwa kijana. Ulikuwa ni gitaa na maneno ya Kiswahili yanayoeleweka na kila mtu, kuanzia Mombasa hadi Arusha.

Nairobi ya gitaa la umeme

Kijana mwenye sauti miaka hiyo alikuwa na njia moja tu ya maana. Alikwenda Nairobi. Mitambo ya kurekodi ilikuwa huko, na kampuni zilizotoa santuri kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima zilikuwa huko.

Fadhili alijiunga na vijana waliojulikana kama Jambo Boys. Ni kwa kundi hili, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndipo alipoimba 'Malaika' kwa ajili ya santuri. Baadaye aliurekodi tena akiwa na kundi lake la Black Shadows, safari hii kwenye studio iliyoitwa Equator Sound.

Studio hiyo ilikuwa chini ya Mzungu aliyeitwa Charles Worrod. Huyu bwana alikuwa mfanyabiashara wa muziki. Alikusanya wanamuziki wakali akawafanya bendi ya studio, Equator Sound Band, na Fadhili akawa miongoni mwa viongozi wake. Ndani yake alikuwemo Daudi Kabaka, aliyekuja kuitwa mfalme wa twisti. Alikuwemo Gabriel Omolo. Walikuwemo pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Zambia na mapigo ya kusini mwa Afrika vidoleni.

Ni muhimu kuelewa kilichokuwa kikipigwa pale. Mwaka 1960 Mmarekani Chubby Checker alitoka na kibao cha 'The Twist', ambacho naye alikichukua kwa mwenzake, Hank Ballard. Ulimwengu mzima ukaanza kukatika kiuno. Nairobi haikusubiri. Wale vijana wa Equator waliichukua twisti, wakaichanganya na gitaa la Kiafrika na mdundo wa kwela wa Afrika Kusini, wakaimba kwa Kiswahili. Ikawa ndiyo rock ya kwetu, na iliwajaza watu kwenye kumbi za dansi.

Fadhili alikuwa na vibao vingine pia, kikiwemo 'Taxi Driver'. Lakini 'Malaika' ulikuwa tofauti. Haukuwa wa kurukaruka. Ulikuwa wa polepole, gitaa likitembea taratibu chini ya sauti laini ya mtu anayeomba radhi kwa umaskini wake.

Kwa nini uliwaingia watu

Maneno ya wimbo ni machache mno. Hakuna fumbo gumu, hakuna methali ya kukuna kichwa. Kuna mapenzi, kuna kukosa pesa, kuna kijana anayemwona mpenzi wake kama ndege mdogo anayemjia katika ndoto.

Kwa kijana wa miaka ya 1960, awe Mchaga, Mpare, Mtaita au Mkamba, hicho hakikuwa kitu cha kutunga tu. Mahari ilikuwa jambo la wazee wa pande mbili kukaa na kuhesabiana. Ng'ombe, mbuzi, pombe, blanketi, na kadiri miaka ilivyokwenda, fedha taslimu. Kijana wa mshahara mdogo mjini angeweza kumpenda binti miaka mitatu, halafu mwenye duka akaja kumchukua kwa wiki mbili.

Kwa maelezo ya Fadhili mwenyewe, ndicho kilichomkuta. Alimpenda msichana, hakuwa na uwezo wa mahari, msichana akaolewa na mwingine. 'Malaika' lilikuwa jina alilompa. Shika maelezo haya vizuri, kwa sababu mbele kuna mtu mwingine mwenye kisa kinachofanana nayo.

Makeba anauchukua

Aliyeupandisha wimbo ndege ni Miriam Makeba. Mwimbaji huyu wa Afrika Kusini alikuwa uhamishoni. Serikali ya makaburu ilimfungia mlango wa kwao, na nchi kadhaa huru za Afrika zikampa hifadhi ya hati zao za kusafiria. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, alikuwa miongoni mwa wageni wa sherehe hizo.

'Malaika' ukawa moja ya nyimbo zake za jukwaani. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja na wimbo huo ukiwa ndani. Mwaka uliofuata albamu ikashinda tuzo ya Grammy. Kiswahili cha kijana asiye na mahari kikawa kinasikika kwenye sebule za Marekani.

Hapo kuna jambo ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulishtukia na Mzungu hawezi kulijua. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wimbo umetungwa kwa kinywa cha mwanamume, na kitenzi chake ni cha kuoa. Makeba, mwanamke, aliuimba kwa kitenzi hichohicho. Angélique Kidjo wa Benin, aliyeurekodi kwenye albamu yake ya 1991, naye ni mwanamke. Kwa hiyo nje ya Afrika Mashariki mamilioni wameuzoea kama wimbo wa mwanamke, wakati kila neno lake limesimama mahali pa mwanamume aliyeshindwa kutoa mahari. Wasikilizaji wetu hawajali, wanaimba nao. Ila inaonyesha jinsi wimbo ukishatoka nyumbani unavyobadilika bila mtu kubadilisha hata herufi.

Vijana wa rock wa Sweden

Mwaka 1967, wimbo ukatua mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Hep Stars, bendi ya rock iliyokuwa ikitikisa Sweden, ilitoa 'Malaika' kama santuri ndogo ya kujitegemea. Kwenye kinanda cha bendi hiyo alikaa kijana aliyeitwa Benny Andersson. Miaka michache baadaye, Benny huyo na wenzake watatu wakaunda ABBA.

Fikiria safari hiyo. Miaka michache tu nyuma, Mtaita anaimba Nairobi mbele ya kipaza sauti. Sasa vijana wenye nywele ndefu Stockholm wanaimba Kiswahili, na wasichana wa Kiswidi wanapiga kelele.

Na 'Malaika' haukuwa wimbo pekee wa studio ile kuibukia Ulaya. Daudi Kabaka, mwenzake Fadhili kwenye Equator Sound Band, alikuwa na kibao cha twisti kiitwacho 'Helule Helule'. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza The Tremeloes iliupiga upya, ukafika nafasi ya 14 kwenye chati ya Uingereza. Vijana wawili wa bendi moja ya Nairobi, nyimbo mbili, na bendi mbili za rock za Ulaya, yote ndani ya takriban mwaka mmoja. Kwa muziki wa Afrika Mashariki hayo hayakuwa mambo madogo.

Boney M, na mpaka uliofungwa

Kibao kilichoufanya wimbo kuwa wa kila nyumba kilikuja mwaka 1981. Boney M lilikuwa kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, likiwa na waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi. Walishatamba na 'Daddy Cool' na 'Rivers of Babylon', ambao nao ulikuwa wimbo wa watu wengine, kundi la Melodians la Jamaika. Farian alikuwa na jicho la kuona wimbo wa zamani na kuuvalisha nguo za disko. Safari hii akauona 'Malaika'.

Toleo la Boney M lina ngoma za kuchezeka, vyombo vingi na sauti za wanawake zilizopangwa vizuri. Huzuni ya Fadhili imepunguzwa sana. Ni wimbo wa kucheza, siyo wa kulilia. Wapo waliosema umeharibiwa, wapo walioupenda zaidi ya ule wa mwanzo. Ubishi huo upo mpaka leo.

Kwa watu wa Moshi, mwaka 1981 una jambo lake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Holili kimya. Taveta, mahali unapofika kwa mwendo mfupi tu wa gari, pakawa kama nchi ya mbali. Ndugu walitengana, biashara ikawa ya magendo na ya usiku. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983.

Kwa hiyo wakati Boney M wanatoa 'Malaika', wimbo wa jirani wa upande wa pili wa mlima haukuwa na barabara halali ya kupitia Holili. Ulikuwa na njia ya Ujerumani. Mtoto wa Taita, ambaye kwao kuko upande uleule jua linapochomozea nyuma ya Mawenzi, alirudi kwa majirani zake kwenye kanda zilizopitia Ulaya.

Vijana waliokuwa disko miaka hiyo, wengi walijua Boney M. Waliojua Fadhili William walikuwa wachache.

Sasa, nani mtunzi hasa?

Hapa ndipo maisha ya Fadhili yanapokuwa mazito.

Katika rekodi nyingi za 'Malaika' duniani, jina lililoandikwa kama mtunzi ni Fadhili William. Lakini kuna mwingine aliyedai wimbo ni wake. Huyo ni Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916. Kwa madai yake, aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wazazi hawakukubali uhusiano ule, na msichana akaozeshwa kwa mwanamume wa Kiasia aliyekuwa na uwezo.

Weka visa hivi viwili pamoja. Kijana hana pesa, binti anachukuliwa na mwenye pesa, kijana anabaki na gitaa. Ni kisa kilekile. Ndiyo maana kisa chenyewe hakimalizi ubishi. Vijana wa namna hiyo walikuwa wengi, na kila mmoja angeweza kuapa kwamba wimbo ule ni maisha yake.

Miaka, hata hivyo, haidanganyi. Mwaka 1945 Fadhili alikuwa mtoto wa miaka 7 hivi. Kama tarehe ya Salim ni ya kweli, basi Fadhili hawezi kuwa mtunzi, anaweza kuwa mtu aliyeusikia wimbo ukiimbwa mitaani na kuupeleka studio. Upande wa pili, Salim hana santuri ya miaka ya 1940 ya kuweka mezani. Mwenye santuri ni Fadhili.

Na hawakuwa wawili tu. Majina ya Lukas Tututu wa Mombasa na Grant Charo nayo yametajwa na watu waliofuatilia suala hili. Pwani ya Kenya, Nairobi, Tanganyika, kila upande una mtu wake.

Kwa nini ikawa hivi? Kwa sababu ya namna nyimbo zilivyokuwa zikiishi kabla ya studio. Mtu anatunga wimbo, anauimba kwenye kilabu au kwenye harusi. Mwenzake anaushika, anaongeza ubeti, anahama mji. Baada ya miaka 10 wimbo ni wa watu wote, na hakuna aliyeona ubaya. Tatizo lilianza pale kampuni ya santuri ilipoleta karatasi yenye nafasi moja tu ya kuandika jina.

Hela hufuata jina gani?

Msomaji anaweza kusema: sasa kama wa kwanza kurekodi ni Fadhili, ubishi wa nini? Amepata sifa yake, yaishe.

Haiishi, kwa sababu ya namna malipo ya muziki yanavyokwenda. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya sauti iliyorekodiwa, na kuna haki ya utunzi, yaani maneno na mahadhi. Ukicheza santuri ya Fadhili mwenyewe, haki zote mbili zinahusika. Lakini Boney M wakiimba upya kwa sauti zao, sauti ya Fadhili haimo. Kinacholipwa kwa upande wa pili ni utunzi tu. Aliyeimba wa kwanza, kama si mtunzi, hapati hata senti ya toleo jipya.

Maana yake ni kwamba kila mara mtu mkubwa aliporudia 'Malaika', jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kichwa cha wimbo ndilo lililoamua hela ziende wapi. Makeba, Belafonte, Hep Stars, Boney M, Kidjo na wengine wengi, kila mmoja alikuwa mlango wa malipo. Kwa Fadhili jina lile lilibeba heshima na mkate wake pia. Kwa Salim, kukosekana kwa jina lake kulimaanisha kwamba wimbo aliouita wake unazunguka dunia bila kumletea hata nauli.

Afrika ina mfano mwingine unaouma zaidi. Mwaka 1939 Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi 'Mbube'. Akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukageuzwa jina, Wamarekani The Tokens wakaupeleka juu ya chati mwaka 1961, baadaye ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilikwenda mahakamani mwaka 2004, na miaka miwili baadaye yakafikiwa makubaliano ya malipo. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 baada ya mzee kuzikwa.

Katika kesi ya Linda, hakukuwa na shaka nani mtunzi. Kilichokosekana ni haki. Katika 'Malaika', hata kama ungetaka kutenda haki kesho asubuhi, ungeanza kwa kuuliza ubishe hodi mlango wa nani.

Miaka ya Marekani

Miaka ya 1970 upepo ulibadilika Nairobi. Benga ikashika kasi, bendi za rumba kutoka Zaire zikajaza kumbi, na wanamuziki kutoka Tanzania wakavuka kwenda kutafuta maisha huko. Twisti ya Equator ikawa muziki wa wazee. Waliokuwa nyota mwaka 1964 wakajikuta wanaombwa wapige vibao vilevile vya zamani.

Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko miaka mingi. Ni hali ya ajabu kidogo. Mtu anatembea katika nchi ambayo wimbo aliouimba uliwahi kuwa kwenye albamu ya Grammy, na anayepishana naye njiani hajui. Belafonte akiimba 'Malaika', watu wanasimama. Mtu wa kwanza kuuimba kwenye santuri akipita, hakuna anayegeuka.

Miaka ya mwisho alirudi Kenya. Nyumbani walikuwa bado wanamkumbuka kama mwenye 'Malaika', na swali la nani mtunzi lilimfuata hadi mwisho. Alifariki akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka uleule wa 2001, Novemba, mwenzake Daudi Kabaka naye akaondoka. Sauti mbili kubwa za Equator zilizimika ndani ya mwaka mmoja.

Kumpima kwa haki

Hata kama kesho utapatikana ushahidi kwamba Adam Salim ndiye aliyetunga kila neno, kuna kitu ambacho hakiwezi kuondolewa kwa Fadhili William. Bila yeye kuingia studio, wimbo huenda ungebaki kuwa mmoja wa maelfu ya nyimbo nzuri zilizokufa na waliozijua. Mwendo ule wa polepole, gitaa lile, na namna ya kuvuta jina la mpenzi kama mtu anayeogopa kumaliza kulitamka, hivyo ni vyake. Makeba alisikia hivyo. Waswidi na Farian walipokea kilichotokana na hivyo.

Na hata kama utapatikana ushahidi kwamba Fadhili ndiye mtunzi pekee, bado kuna haki ya kuuliza kwa nini mzee wa Kitanzania aliyezaliwa mwaka 1916 aseme wimbo huu ni kovu la ujana wake. Kuwataja wote wawili hakumpunguzii yeyote chochote.

Kitu kimoja ni hakika. Mfumo wa kulinda kazi za wasanii ulichelewa. Kenya ilipata chama cha kukusanya mirabaha ya muziki, MCSK, mwaka 1983, miaka miwili baada ya Boney M kutoa toleo lao. Tanzania ilipata COSOTA kupitia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Vijana wa miaka ya 1960 hawakuwa na ofisi ya kukimbilia. Walikuwa na mwenye studio na kalamu yake.

Leo msanii wa Moshi anarekodi chumbani kwa kompyuta, anapandisha kazi mtandaoni usiku huohuo, na tarehe inajiandika yenyewe. Hata hivyo bado wapo wanaoimba kwenye kibao cha rafiki bila kuandikishana chochote, kwa kuwa ni mshikaji, kwa kuwa tutaelewana. Adam Salim na Fadhili William wangekuwa na la kuwaambia.

Hadi mwaka 2051

Kwa sheria za Kenya na Tanzania, haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kama mtunzi ni Fadhili, 'Malaika' utakuwa na mwenyewe kisheria hadi mwisho wa mwaka 2051. Mpaka wakati huo, kila anayeurudia na kuuza anatakiwa kulipa, na kuna warithi wanaostahili kulipwa.

Kwa hiyo Jumamosi hii, maharusi wakiitwa katikati ya ukumbi na kinanda kikaanza taratibu, sikiliza ni toleo la nani. Likiwa na ngoma za disko, ni Boney M. Likiwa ni sauti ya mama yenye nguvu anayeimba maneno ya mwanamume, ni Makeba. Likiwa ni sauti ya kijana, gitaa jembamba na kelele kidogo za santuri ya zamani, huyo ndiye Fadhili William, jirani wa Kilimanjaro, bado anaeleza kwa nini hakuweza kuoa.